Kutu Haibishi Hodi

Hotuba kwa mafundi ujenzi, wanafunzi wa uhandisi na wananchi, Mwanza, 2025

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka zangu mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka saiti, vumbi la saruji bado liko kwenye mabuti, poleni na kazi. Na nyinyi wanangu mnaosomea uhandisi, mliponiamkia pale mlangoni sikuwajibu wote, basi pokeeni marahaba yenu kwa pamoja.

Mezani nimeweka kipande cha zege, nyundo, na bati la zamani lenye mkwaruzo. Nitavitumia vyote kabla sijakaa, kuwaeleza jinsi kutu inavyokula nondo ndani ya zege.

Nianze na zege. Kipande hiki kimetoka nyumbani kwangu Pasiansi, kwenye bimu ya kibaraza. Nyumba ile ilijengwa mwaka 1998 nikiwa Uingereza. Mchana nilikuwa nakagua madaraja ya watu, jioni natuma hela na kuuliza nyumba imefikia wapi. Nikajibiwa kwamba bimu imeshamwagwa, imenyooka vizuri, kila kitu safi. Mwaka huu nimeona ufa mwembamba chini ya bimu, umefuata njia ya nondo kama umepigwa rula. Mafundi mnaujua ufa wa namna hiyo. Nikagonga, likadondoka pande la ukubwa wa sahani, na nyuma yake nondo ya kahawia inayochubuka kwa ukucha.

Asubuhi ya leo nimekivunja upya, kwa sababu uso wa zege uliovunjika zamani hausemi kweli. Njoo mwanangu, wewe wa shati la bluu, shika chupa hii unyunyize hapa palipovunjika. Ndani ya chupa mna dawa ya maabara iitwayo fenoftalini, inayogeuka waridi pale tu ambapo ukali wa saruji bado upo. Haya, wa nyuma simameni muone. Huku ndani pamegeuka waridi, rangi kali kama ya kanga mpya. Huku nje, ukingo mzima umebaki rangi yake ya majivu. Pima huo ukingo. Milimita 18? Asante. Na alama ya nondo iko milimita ngapi kutoka nje? Kumi na mbili.

Kumbe nondo ilikuwa imekaa ndani ya zege lililokwisha kufa. Neno hilo "kufa" nalichagua kwa makusudi, ingawa zege lenyewe bado ni gumu na ukiligonga kwa ngumi utaumia wewe. Kilichokufa ni ulinzi wake.

Watu wengi, hata baadhi ya mafundi wazoefu, wanadhani nondo ndani ya zege haishiki kutu kwa sababu maji hayafiki. Maji yanafika. Zege lina vinyweleo vingi kuliko mkate, ila ni vidogo mno. Kinachoilinda nondo ni ukali wa saruji yenyewe. Fundi ambaye ameshika zege bila glavu siku nzima anaujua ukali huo, vidole vinachubuka. Kwa pH, yaani kipimo cha ukali wa alkali na asidi, zege bichi liko kwenye 12.5 hadi 13. Chuma kikikaa kwenye alkali kali kiasi hicho kinajifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na chini ya utando huo kutu haipati pa kuanzia. Lakini hewa tunayovuta ina hewa ukaa. Inaingia kwenye vinyweleo polepole, inakutana na chokaa ya saruji, vinageuka kuwa kitu kimoja na chokaa ya mawe, na ukali unashuka chini ya 9. Hapo utando unaondoka. Baada ya hapo maji na oksijeni vikikutana kwenye chuma, kutu inaanza, na kutu ina tabia ya kutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hadi mara 6. Ndiyo maana zege linapasuka kutokea ndani.

Sasa kuna hesabu ambayo naomba kila aliye humu aondoke nayo. Hewa ukaa haitembei kwa mwendo mmoja. Inaanza kwa kasi, kisha inazidi kuchelewa, kwa sababu kila siku ina njia ndefu zaidi ya kupita. Kina chake kinafuata kipeuo cha pili cha miaka. Kava, ile nyama ya zege inayofunika nondo, ukiifanya nene mara 2, umepata miaka mara 4. Ukiifanya mara 3, umepata miaka mara 9. Chukueni bimu yangu: milimita 18 kwa miaka 27. Kwa makadirio hayo, kwenye kava ya milimita 12 hewa ilifika kwenye nondo baada ya miaka 12, yaani mwaka 2010. Kwa miaka 15 nimekaa chini ya bimu ile nakunywa chai, na kutu inafanya kazi juu ya kichwa changu. Lau kava ingekuwa milimita 36, kwa zege lilelile, hewa ingehitaji miaka 108.

Kati ya miaka 12 na miaka 108 kuna nini? Kuna biskuti. Vile vipande vidogo vya zege mnavyovifunga chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao. Kwenye bimu yangu hazikuwekwa, au ziliwekwa jiwe hapa na jiwe pale, nondo ikashuka yenyewe siku ya kumwaga. Simlaumu fundi yule kwa jina, na leo hata sijui kama yuko hai. Nasema tu kwamba biskuti ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye saiti, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Nilisema nilikuwa nakagua madaraja ya watu. Birmingham, katikati ya Uingereza, barabara kuu za kasi za M5 na M6 zinapita juu ya mji kwa kilomita nyingi, zimebebwa na nguzo za zege. Makutano makubwa ya M6 yako Gravelly Hill, yalifunguliwa mwaka 1972. Zimejengwa na wahandisi hodari, kwa saruji nzuri. Na hazikuwa zimetimiza hata miaka 20 kutu ilipokuwa imeshashika.

Kule adui hakuwa hewa. Adui alikuwa chumvi. Wakati wa baridi barabara inaganda, magari yanateleza, kwa hiyo usiku malori yanapita yakimwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi yanatafuta pa kushukia. Daraja refu hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna maungio ya kutanuka, kwa sababu zege linapanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Maungio hayo yalitakiwa yasivuje. Yakavuja. Na chini ya kila ungio kuna bimu kubwa ya kukingama inayobeba barabara yote. Miaka nenda miaka rudi, maji ya chumvi yanadondokea kichwani pake.

Kloridi iliyo ndani ya chumvi haina haja ya kuua ukali wa zege kwanza. Inautoboa ule utando hata zege likiwa bado zima, na inachimba chuma sehemu moja kama jino bovu. Nakumbuka bimu moja, asubuhi ya Februari, vidole vimekufa ganzi, niko juu ya jukwaa na nyundo kama hii. Nagonga, inalia. Mnausikia mlio wa zege zima? Ngoja nigonge hapa kwenye sakafu. Mkali, mfupi, nyundo inakurudi mkononi. Nikasogea hatua mbili kuelekea kwenye ungio, nikagonga tena, ukatoka mlio wa debe tupu. Kwa macho hakukuwa na kitu zaidi ya doa la kahawia. Tulipochimba, nondo nene kama kidole gumba ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imebaki kama penseli.

Mnadhani tulifanyaje? Tulifanya ambavyo kila mtu angefanya: chimba pabovu, safisha chuma, ziba kwa zege jipya. Kazi nzuri, ikakaguliwa, ikalipwa. Baada ya miaka michache wenzangu wakarudi na nyundo zao, na mlio wa debe ulikuwepo tena. Kiraka kilikuwa kizima. Pembeni ya kiraka ndipo palipooza.

Hili liliniumiza kichwa, na naomba mnivumilie nilieleze pole pole, maana ndiyo sehemu inayowapotezea watu fedha nyingi. Kutu ni mambo ya umeme. Nondo inayoliwa sehemu moja inatoa umeme mdogo unaozilinda sehemu za jirani zisiliwe. Kwa lugha ya nyumbani, pale pabovu palikuwa panabeba mzigo wa ukoo mzima. Wewe ukija ukapaponya, ukapavika zege safi lisilo na chumvi, majirani wanabaki hawana wa kuwabebea, nao bado wamezungukwa na zege la zamani lililojaa chumvi. Basi wanaanza kuliwa wao. Kutu haikuondoka, ilihama nyumba.

Hapo ndipo bati langu linapoingia. Bati hili liko juani na mvuani kwa miaka. Huu hapa mkwaruzo, msumari ulipita ukafika kwenye chuma. Angalieni vizuri, mkwaruzo hauna kutu ya maana. Lingekuwa limepakwa rangi tu, rangi ingekuwa imeshabambuka pembeni kote. Bati limepakwa zinki, na zinki na chuma zikiwa zimeshikana mahali penye unyevu, zinki ndiyo inayokubali kuliwa. Inajitoa, chuma kinabaki. Mwingereza mmoja, Humphry Davy, alilijua jambo hili mwaka 1824. Alifunga vipande vya chuma na zinki kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita, na shaba ikaacha kuliwa na maji ya bahari.

Ilichukua karibu miaka 150 wazo hilo kufika juu ya daraja la zege. Mwaka 1973, California, mhandisi Richard Stratfull aliliwekea daraja moja mfumo wa umeme uliokuwa unasukumwa kutoka nje, ufanye kazi ileile ya kuilinda nondo. Siku hizi ndani ya kiraka tunafunga kidonge cha zinki kwenye nondo, ukingoni mwa kiraka kabisa, kijitoe kwa niaba ya majirani. Na kwa bimu iliyojaa chumvi mwili mzima, kama zile za Birmingham, tunalaza wavu wa metali iitwayo titani juu ya zege, tunaufunika kwa zege jembamba, kisha tunapitisha umeme kutoka kwenye wavu kwenda kwenye nondo. Umeme wenyewe ni mdogo. Kila mita ya mraba ya chuma inahitaji miliampia 10 hadi 20 hivi. Mita za mraba 100 za nondo zinakula ampia 1 hadi 2, kiasi kinachotolewa na chaja ya simu uliyonayo mfukoni. Umeme ukikatika saa chache hakuna kinachoharibika. Kinachoua mfumo huo ni kusahauliwa: mita haisomwi, waya umekatwa na panya, miezi inapita, na kila mtu anadhani daraja linalindwa.

Nimesema mengi ya ugenini. Turudi ziwani.

Mwezi wa Juni mwaka huu, Rais Samia Suluhu Hassan amefungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Sisi tuliowahi kulala kwenye foleni ya kivuko, tena na mgonjwa ndani ya gari, hatuhitaji kuelezwa thamani yake. Nilipolivuka mara ya kwanza nilimwambia dereva asimame mbele kidogo nikashuka. Sikuangalia maji. Niliinama kuangalia matundu ya kutolea maji ya mvua, maana Birmingham imenifundisha kuangalia huko kwanza.

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kutisha, na barafu hatuna. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, na Daraja la Tanzanite pale pembeni mwa bahari, wana vita na kloridi kila siku. Sisi vita yetu ni ile ya kibaraza changu: hewa, na mahali panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Zege linalozama majini muda wote haliliwi sana, kwa sababu oksijeni ni haba huko chini. Zege kavu muda wote nalo linasalimika, hata hewa ukaa ikiingia, kwa kuwa kutu bila maji haiendi. Penye hatari ni katikati, mawimbi yanapopanda na kushuka, chini ya maungio yanayovuja, na kando ya bomba la maji lililokatwa.

Bomba lililokatwa, ndiyo. Nataka nilizungumze hili kwa uchungu. Kwenye madaraja madogo ya mjini na ya vijijini utakuta bomba la kutolea maji limeng'olewa likauzwa kwenye vyuma chakavu. Anayeling'oa anapata hela ya siku moja. Maji yaliyokuwa yanatupwa mbali yanaanza kuteleza kwenye uso wa bimu, kila mvua. Ukipita baadaye unaona mstari mweusi wenye ukungu, halafu wa kahawia. Na kuna wanaochoma taka chini ya daraja kwa kuwa pana kivuli. Moto unapasua kava. Milimita zilizowekwa na mhandisi kwa hesabu zinadondoka kwa alasiri moja. Wenyeviti wa mitaa mliopo humu, naomba jambo hili liingie kwenye vikao vyenu, kama vile mnavyozungumzia wizi wa mifugo.

Nigusie jambo moja la haraka, kwa wanafunzi hasa. Nyundo haijibu kila swali. Madaraja marefu ya leo yanashikwa na nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa, zimefichwa ndani ya mirija. Zikiliwa na kutu hazitoi ufa wala doa kwa wakati. Daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka mwaka 1985 bila dalili yoyote, kwa bahati halikuua mtu. Genova, Italia, tarehe 14 Agosti 2018, hali haikuwa hiyo. Watu 43 walikufa kwenye daraja ambalo nyaya zake zilikuwa zimevikwa zege, jicho haliwezi kuziona. Kwa madaraja ya aina hiyo vipimo vyake ni vya wataalamu na vifaa, na vinataka bajeti ya kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna aliyelalamika. Someni hilo. Tutawahitaji.

Narudi kwenu mafundi, maana madaraja madogo, vibaraza, matangi na shule za watoto wetu viko mikononi mwenu. Nimeona mnavyotengeneza bimu iliyopasuka: mnapiga plasta juu, inapendeza, mwenye nyumba anafurahi. Chini ya plasta kutu haijapumzika hata siku moja. Kwanza tegemeza bimu kwa nguzo, usichimbe chuma kinachobeba mzigo wakati mzigo uko juu yake. Kisha chimba mpaka upite nyuma ya nondo, vidole vyako vipite na kuizunguka, milimita 20 au 25. Fuata nondo kushoto na kulia mpaka ukute chuma kisichokuwa na kutu, na ukifika hapo endelea kidogo. Kingo za shimo zikatwe wima, msiache zege linalokwisha kama ukingo wa chapati, litabambuka. Safisha chuma kiwe cheupe pande zote, hata mgongoni ambako mwenye nyumba hataona. Nondo iliyopungua sana ongezea nyingine pembeni yake. Lowesha zege la zamani, ila maji yasituame. Ukishajaza, funika kwa magunia na umwagilie siku 7. Najua siku ya tatu mtakuwa mmeitwa kazi nyingine. Mwachie mama mwenye nyumba maelekezo, yeye atamwagilia vizuri kuliko kibarua yeyote, kwa sababu paa ni lake.

Kokoto tunazo. Granaiti ya miamba hii tunayoishi juu yake, inayopondwa na akina mama kando ya barabara kwa nyundo za mkono, ni jiwe imara sana. Tatizo letu halikuwa jiwe. Tunazidisha maji kwenye zege ili liteleze kwa urahisi, na kila ndoo ya ziada inaacha vinyweleo ambavyo hewa itapitia.

Jumamosi hii, saa 2 asubuhi, nitakuwa kwenye daraja dogo la mto Mirongo, lile linalopitwa na watu wengi wakienda sokoni. Nimeshaomba ruhusa kwa wahusika. Tutaligonga lote, hatua kwa hatua, na kila penye mlio wa debe tutachora duara kwa chaki, tupige picha, tuandike tarehe. Orodha tutaipeleka kwa mkono. Nyundo ninazo nne tu, hizo pale mlangoni, na chupa moja ya dawa ya waridi. Mwenye nyundo yake aje nayo. Wewe wa shati la bluu, nimeshakuzoea, utashika chaki.